Nani Analisemea Jiwe Hili?

Nchi inayosimuliwa hapa si yetu, na asitokee mtu akasema ni yetu. Inayo Dar es Salaam yake, na ndani yake Kariakoo, na Mnazi Mmoja, na foleni za sukari, lakini ni nchi nyingine. Hiyo ilikuwa Shirikisho. Serikali zilikuwa mbili, moja ya Shirikisho na moja ya Jimbo, na ili zisigombane, wakubwa walikaa wakagawana kazi kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa: kila kinachosogea ni cha Shirikisho, kila kilichotulia ni cha Jimbo. Magari, barua, mizigo na maji ya bomba vikaenda Shirikisho. Majengo, makaburi, viti na meza vikabaki Jimboni. Baadaye maji ya bomba yalirudishwa Jimboni, kwa sababu anazozijua kila aliyeishi Kariakoo miaka ile.

Wazururaji, kwa kuwa wanazurura, walikuwa wa Shirikisho.

Fikirini alikamatwa asubuhi, amesimama. Sabaha mkewe alilirudia jambo hilo katika kila ofisi aliyoingia: "Mume wangu hakuwa anazurura. Alikuwa amesimama." Hakuna ofisi iliyoona kwamba kuna tofauti.

Alikuwa amesimama mbele ya duka la ushirika, Mtaa wa Sikukuu, na mawe yake yamepangwa ukutani. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kilizima mashine kwa kukosa vipuri, na toka hapo Fikirini alikuwa akiwashikia watu foleni. Asiyeweza kukesha alimpa jiwe. Kulikuwa na kipande cha tofali kilichopakwa chokaa, cha Mama Severine wa Upanga. Kulikuwa na nusu ya jiwe la kusagia, la Mama Jasvanti wa ghorofani Mchafukoge, linanuka binzari mpaka leo. Kulikuwa na kopo la maziwa lililojazwa mchanga, la mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kupata jiwe. Asubuhi muuza duka, Vitalis, alitoka na fimbo yake, akapita akigusa jiwe moja moja na kuuliza, "Jiwe hili la nani?" Ilibidi pawe na mtu wa kujibu, "Nalisemea mimi." Lisilo na msemaji lilirushwa ng'ambo ya mtaro, na mwenyewe akija baadaye kulia, analia na ukuta. Kwa kusemea mawe Fikirini alipata sukari kidogo hapa, kipande cha sabuni pale, na siku nyingine sarafu. Chumba chao kilikwenda hivyo.

"Kitambulisho cha kazi," mgambo alisema asubuhi hiyo.

"Kazi yangu ndiyo hii unayoiona, afande."

"Mimi naona mtu na mawe."

"Basi umeiona yote."

Foleni ikacheka. Mgambo yule alikuwa kijana, bereti yake mpya, na kitu ambacho hakufundishwa ni kuchekwa. Akamshika Fikirini mkono.

Sabaha alifika na birika la uji akamkuta mumewe anapandishwa kwenye karandinga. Fikirini hakuita "Niokoe" wala hakuita jina la Mungu. Alichomoza kichwa kati ya vichwa vya wenzake akapiga kelele:

"Mawe, Sabaha! Vitalis anafungua!"

Karandinga likaondoka. Vitalis akatoka na fimbo, akagusa kipande cha tofali chenye chokaa. Macho hakuyainua, naye aliona haya.

"Jiwe hili la nani?"

Sabaha aliweka birika chini, akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Nalisemea mimi," akasema.

*

Waliwaweka kwenye bohari la malori nyuma ya Mnazi Mmoja, ndani ya uzio wa waya. Wapita njia walisimama kutazama kama vile ng'ombe wa mnada wameletwa. Sabaha alimpenyezea mumewe mhogo wa kuchemsha tunduni.

"Wamekupiga?"

"Wametuhesabu tu. Asubuhi wametuhesabu, mchana wametuhesabu, hesabu zimekataa kulingana. Mawe je?"

"Hujaniuliza mimi nikoje, unauliza mawe."

"Wewe nakuona. Mawe siyaoni."

"Nimeyasemea yote. Mama Jasvanti kapata mchele. La Upanga, dereva kaja kachukua sukari yao, hata pole hakunipa."

Fikirini alitafuna mhogo taratibu. Kisha akasema kwamba wanapelekwa shamba la mkonge la Shirikisho, bara huko, na kwamba lori liko tayari ila lina matairi matatu. La nne likipatikana, Jumamosi wanaondoka. Mwenye kuletewa kitambulisho cha kazi kabla ya hapo, anatoka.

"Mungu alicheleweshe hilo tairi," alisema Sabaha.

"Nchi hii kila kitu kinachelewa, lakini hilo utaona litakavyowahi."

Sabaha alicheka, lakini kidogo. Waliopelekwa mwaka uliopita kutoka mtaa wao, aliyerudi ni mmoja, na alirudi kwa miguu, na hasemi. Na mwenye nyumba wao alikuwa na msemo wake anaoutoa akiwa anakunja mkeka wake wa swala: yeye hapangishi mwanamke peke yake. Sabaha alikuwa na mimba ambayo mtaa ulikuwa haujaiona, ila mwenye nyumba alikuwa na macho.

"Nitakitafuta hicho kitambulisho," alisema.

"Kitafute. Lakini majina usitaje." Fikirini aliusogeza mdomo kwenye waya. "Wakubwa hawataki ijulikane wana mawe kwenye foleni. Ukimtaja mmoja tu, nikitoka sina kazi tena."

*

Idara ya Shirikisho ya Mienendo ya Watu ilikuwa na sakafu iliyosuguliwa ikang'aa, na tarishi aliyekaa mlangoni kuhakikisha watu wenye ndala wanazivua. Wenye viatu walipita navyo. Sabaha aliziweka ndala zake kwapani, akaingia pekupeku, akamkuta ofisa anamenya karanga juu ya gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa sema ndugu. Shida?"

Sabaha akaeleza.

"Anashika foleni ya nini?"

"Ya chochote kilichokuja, ndugu. Sukari, sabuni, unga wa yanga, ule wa njano. Mara moja zilikuja betri za redio, akashika ya betri."

"Hm. Na hiyo foleni yenyewe, inasogea?"

"Sijakuelewa, ndugu."

"Swali jepesi, mama. Inasogea au haisogei? Ikiwa inasogea, mumeo ni mfanyakazi katika sekta ya mwendo, naweza kumwandikia kitambulisho hapa hapa. Ikiwa haisogei, mimi sihusiki."

Sabaha aliona mlango umefunguka mbele yake. Angesema inasogea, yangekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kutazama, na jambo alilolitazama kila siku halikuwa rahisi kulisema kinyume ghafla namna hiyo.

"Sukari ikiwepo inasogea," alisema. "Ikikwisha inasimama."

"Hilo jibu lina miguu miwili. Kwa kawaida je?"

"Kwa kawaida... imesimama."

Ofisa akapangusa maganda, ameridhika kama mtu aliyepata mzani umelala sawa. "Basi si yetu. Nenda Jimboni."

"Lakini mume wangu mmemkamata ninyi!"

"Tumemkamata yeye kwa sababu yeye anasogea, mama. Kazi yake ndiyo haisogei. Karibu karanga."

Mpaka anafika mtaani na kuvaa ndala, Sabaha alikuwa anajitukana moyoni kwa ukweli wake. Karanga alizikubali. Alizila zote njiani, kwa hasira.

*

Jimboni palikuwa ng'ambo ya barabara. Idara ya Shughuli Zilizotulia ilikuwa na korido ndefu, na korido ilikuwa na watu kuanzia mwanzo hadi mwisho, wengine wameketi sakafuni, wengine wameacha makapu yao yawawakilishe. Mlango wa mwisho uliandikwa "Mkuu wa Idara." Mwanamke wa mapokezi alimwambia Mkuu yuko kwenye kikao.

"Kikao cha nini, dada?" aliuliza mzee mmoja.

"Cha kuondoa foleni."

Kikao kilikwisha mchana. Sabaha alipoingia alikuta mtu mpole, suti ya mikono mifupi imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Jina lake lilikuwa Ndugu Elisaria. Alimkaribisha kiti, akamwuliza kama ametoka mbali, akaagiza aletewe maji. Sabaha aliyanywa akifikiri: huyu atanisaidia. Na kwa kweli hakuna mtu aliyemsikiliza kwa makini kama huyo.

"Mama," alisema Ndugu Elisaria alipokwisha kusikiliza, "tatizo lako naliona. Kazi ya mumeo ni foleni. Lakini foleni katika jimbo letu zilikwisha tangu mwezi wa sita."

"Zilikwisha?"

"Ripoti niliiandika mimi mwenyewe. Ilisomwa mpaka redioni."

"Mzee... ndugu. Hapo nje kwenye korido yako watu wamejaa."

"Hao ni wananchi wanaosubiri huduma. Ni kitu tofauti." Alisema hivyo bila kejeli yoyote. "Sasa mtu hawezi kuwa na kitambulisho cha kazi katika jambo ambalo halipo. Nikimpa, nitakuwa nimeikanusha ripoti. Lakini sitaki uondoke mikono mitupu. Watu husema tunazungusha wananchi. Mimi sizungushi."

Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili, akaweka sahihi yenye mkia mrefu, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikatikisika. Iliandikwa: *Shughuli ya kushika foleni haipo. Mhusika afahamishwe.*

"Hii nifanyie nini?" aliuliza Sabaha.

"Ni jibu, mama. Wengine husubiri jibu miaka."

Alitoka kaikunja karatasi ndani ya kiganja. Nje, kwenye kivuli cha jengo, dereva mmoja alikuwa amejilaza juu ya boneti ya gari jeupe. Alipomwona aliruka chini.

"Ah, shemeji! Umefuata nini huku? Sikiliza, Ijumaa usinitupe. Sukari inakuja, nimeisikia. Ni ya kipaimara cha Severine hiyo. Jumapili bosi kaalika nusu ya Upanga, mpaka wachungaji. Jiwe letu nimekwishaliweka, la pili toka mlangoni."

Sabaha alilitazama lile gari. Ndilo lililokuwa likisimama Mtaa wa Sikukuu, kona ya mbali, dereva akishuka peke yake na kapu.

"Bosi wako nani, shemeji?"

Dereva, kwa kidevu, alionyesha dirisha la juu, ambamo mtu mpole mwenye kalamu mbili alikuwa anafunga pazia.

*

Mama Jasvanti alimsikiliza amesimama mlangoni pa jiko lake, mikono ina unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mjane, anaishi na dada wa marehemu mumewe, na kwa miaka hiyo yote mchele wao ulipitia kwa Fikirini.

"Rudi!" alisema. "Rudi sasa hivi, mwambie usoni. Wewe bwana, sukari unakunywa ya nani?"

"Fikirini kasema tusitaje mtu."

"Fikirini yuko ndani ya waya!"

"Akitoka atataka kazi yake aikute, mama. Nikimwumbua yule, nani atatuachia jiwe tena? Hata wewe ungeogopa."

Mama Jasvanti alirudi kwenye unga wake, akaukanda kwa muda kama ndio uliokosea.

"Basi usitaje," alisema bila kugeuka. "Nyamaza kabisa. Mtu hawezi kukulaumu kwa kunyamaza."

Sabaha alishuka ngazi polepole. Katika ngazi ya mwisho alisimama. Mtoto aliyekuwa anapanda na mkebe wa mafuta ya taa alilazimika kumpitia pembeni.

*

Ijumaa foleni ilifika mpaka kona ya pili. Habari za sukari zilikuwa za kweli. Magunia yalionekana kupitia nyufa za mlango. Dereva alikuwa amesimama karibu, makapu mawili mkononi, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Vitalis akatoka na fimbo. Jiwe la kwanza lilisemewa na mwenyewe. Fimbo ikagusa kipande cha tofali chenye chokaa.

"Jiwe hili la nani?"

Sabaha alikuwa amesimama hatua moja kutoka hapo. Aliangalia mbele. Alijua kwamba kama hili lisingefaa, kesho lori lingeondoka na yeye angekuwa amemkosesha mumewe kazi pia.

"Jiwe hili la nani?" Vitalis alirudia. Alimtazama Sabaha. "Shemeji?"

Mluzi wa dereva ulikatika.

"Si la kwetu hilo!" dereva alisema. "Yaani, ni la kwetu! Shemeji, sema basi!"

"Lisemee mwenyewe," mtu akamwambia.

Dereva alifungua mdomo. Akatazama foleni yote, akatazama gari la serikali pale kona, akakumbuka ni wakubwa gani watakaosikia. Akanyamaza naye. Fimbo ikaingia chini ya tofali, ikalirusha ng'ambo ya mtaro, likapasuka vipande viwili. Foleni ikasogea nafasi moja kwa furaha kubwa. Fimbo ikagusa jiwe lenye harufu ya binzari.

"Jiwe hili la nani?"

"Nalisemea mimi," alisema Sabaha, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Mama Severine alikuja mwenyewe. Alishuka garini na kitenge cha wax na viatu vya kisigino, akapita kando ya foleni akiwa amekunja pua, akauliza, "Jiwe langu liko wapi?" Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Liko mtaroni linaoga, mama," alisema mmoja.

"Nyuma, mama, nyuma! Mwisho kule, karibu na msikiti!"

Alimfuata Sabaha. "Wewe ndiye mke wa yule Fikirini? Mimi nimewakosea nini? Jumapili nina wageni mia, na wachungaji!"

Sabaha alifungua kiganja, akampa ile karatasi yenye mhuri. Mama Severine aliisoma, akaisoma tena, akaisogeza mbali na macho kuitazama ile sahihi yenye mkia.

"Hii si ya mume wangu?"

"Mimi mumeo simjui, mama. Nimeambiwa kazi haipo, nami siifanyi."

Mama Severine alivuta pumzi ndefu. Alisema neno moja la Kipare ambalo foleni haikulielewa ila ililipenda. Kisha akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Bohari la malori. Kesho wanawaondoa. Tairi limepatikana."

"Panda gari," alisema Mama Severine.

*

Safari hii hakuna aliyesema Mkuu yuko kwenye kikao. Mama Severine alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, akamwambia mumewe amtoe mtu yule leo hii.

"Siwezi kukanusha ripoti, mama Severine. Imeshakwenda juu."

"Basi wachungaji wanywe chai ya chumvi, nao waipeleke juu."

Ndugu Elisaria alivua miwani, akaisafisha, akaivaa. Alikuwa mtu mwaminifu kwa taratibu, na mtu wa namna hiyo akibanwa hatafuti kuvunja taratibu, hutafuta nyingine. Alisimama dirishani kitambo. Aliporudi, uso ulikuwa umetakata.

"Mtu anayesogea ni wa Shirikisho," alisema. "Sawa. Lakini mali ya Jimbo haihamishwi na Shirikisho bila kibali changu. Na idara hii ina fungu la benchi moja ambalo hatujalitumia."

"Benchi?" aliuliza Sabaha.

"Kwa upande wa karatasi tu, mama."

Walikwenda bohari na gari jeupe, pamoja na mtunza stoo wa idara aliyebeba kopo la rangi nyeupe na brashi. Lori lilikuwa limekwishafungwa tairi la nne. Mlinzi wa Shirikisho alitoka na bunduki begani.

"Huyo hapo," alisema Ndugu Elisaria, akimwonyesha Fikirini kwa kalamu, "ni mali ya Jimbo. Benchi, moja, la mninga."

Mlinzi alimtazama Fikirini kwa muda mrefu. "Halina namba," alisema mwisho.

"Ndiyo tunaandika sasa."

Fikirini akatolewa nje ya waya. Mtunza stoo akapiga goti mbele yake akaanza kumkunja suruali.

"Kwa nini huko chini?" aliuliza mlinzi, naye sasa amevutiwa na kazi.

"Kanuni. Namba inakaa sehemu ya chini, isifutike kwa kukaliwa."

"Sabaha," alisema Fikirini, "wananifanya nini?"

"Tulia tu, mume wangu."

"Ndiyo, atulie," alisema Ndugu Elisaria kwa upole. "Kutulia kwake ndiko kunakomfanya awe wetu."

Wale waliobaki ndani ya waya walikuja kusimama wakatazama. Hakuna aliyecheka. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliuliza kwa sauti ndogo kama idara ina fungu la viti pia. Mtunza stoo alijifanya hakusikia, akamalizia herufi ya mwisho, akaipuliza ikauke.

Mlinzi akasoma namba, akatia sahihi kwamba ametoa benchi, moja, zima.

Wakati wa kuagana Ndugu Elisaria alimshika Sabaha mkono. "Kuna jambo dogo. Mali haina mke. Kwa hiyo wewe, kwa upande wa karatasi, huna mume. Lakini usijali, ni karatasi tu."

*

Jioni ile Sabaha alichemsha maji, akatia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, akakaa kwenye kigoda mbele ya mumewe. Fikirini alikuwa amekwisha kula. Sabaha akamkunja suruali. Namba ilikuwa inang'aa kwenye ule mguu mwembamba, imeandikwa vizuri, mtunza stoo alikuwa na mkono mzuri. Alipoanza kusugua, Fikirini aliuvuta mguu.

"Usifute."

"Utalala na hii?"

"Ukiifuta, kesho mimi nani?"

Sabaha alikaa na kitambaa mkononi. Harufu ya mafuta ya taa ilijaa chumbani. Baada ya muda alikitumbukiza kitambaa kwenye maji, akamwosha mguu huo kwa sabuni tu, akiizunguka rangi taratibu kama anayezunguka kidonda, na Fikirini alifunika uso wake kwa mkono akamwacha.

*

Jumatatu kulikuwa na tetesi za sukari tena. Mawe yalikuwa yamepangwa ukutani. La Upanga lilikuwa jipya, zima, limepakwa chokaa mara mbili, na dereva alikuwa amelileta kwa adabu huku akiamkia kila mtu. Fikirini alikuwa ameketi chini kati ya mawe yake. Sabaha alisimama kando na birika.

Mgambo yule yule alitokea kona, bereti yake sasa imekaa vizuri zaidi. Karandinga lilimsubiri nyuma, linanguruma.

"Kitambulisho."

Fikirini alipandisha suruali. Mgambo akainama, akasoma, akanyooka. "Benchi la Jimbo. Sawa." Akamgeukia Sabaha. "Wewe mama, kazi yako?"

"Mama wa nyumbani."

"Mumeo nani?"

Sabaha alitazama chini, kwenye mawe. Foleni haikucheka safari hii. Mtu alikohoa.

"Nakuuliza, mama. Huna kazi, huna mume. Nani anakusemea?"

Mkono wa mgambo ulikuwa umeshanyoosha vidole. Sabaha aliushika mpini wa birika kwa mikono miwili, mkono mmoja ukiteleza mpaka tumboni.

"Namsemea mimi," sauti ilitoka chini.

Mgambo alimtazama Fikirini. "Wewe ni benchi."

"Ndiyo. Namsemea."

Kijana alikuna kichwa chini ya bereti. Alikuwa amefundishwa la kufanya na mtu asiye na kazi, na la kufanya na anayekimbia, na hata la kufanya na anayelia. La benchi linalomsemea mtu hakufundishwa. Likisema ni kwamba linasogea, au bado limetulia? Aliangalia karandinga, akaangalia namba ile mguuni, akasema wote wabaki hapo hapo, asitikisike mtu, yeye anakwenda kuuliza. Karandinga likamfuata.

Vitalis akafungua mlango. Mawe yote yalisemewa. Sukari iligawiwa mpaka magunia yakakung'utwa, na mgambo alikuwa hajarudi. Kesho yake dereva wa Upanga alileta habari kwamba amemwona Jimboni, kwenye ile korido, mtu wa mwisho kabisa karibu na ngazi, amekalia bereti yake, na kwamba mbele yake kuna watu wa tangu wiki iliyopita.

"Maskini, mtoto wa watu," alisema Sabaha.

Fikirini alizungusha macho kwenye rundo la akiba lililokuwa pembeni mwa mtaro. Akachagua jiwe moja, bapa, lisiloyumba, akalifuta vumbi kwa suruali yake.

"Mpelekee," alimwambia dereva. "Mwambie aliache hapo akapumzike."